Mcheza Kwao

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Nimeifundisha methali hii kwa miaka mingi, nikawaeleza wanafunzi wangu maana yake ya juu na maana yake ya ndani, kwamba mtu atendaye jambo jema mbele ya watu wake, watu hao hao ndio watakaomjua na kumlipa. Sikupata kuishuku hata siku moja. Lakini kufundisha methali ni jambo moja, na kusutwa nayo ni jambo jingine. Mimi nilikuja kusutwa na methali hii mbali sana na kwetu, katika mji wa Sur, nchi ya Omani, nikiwa nimeketi juu ya kiti cha wageni, kikombe cha kahawa mkononi, nikiitazama ngoma ya watu wengine.

Kabla ya kufika huko hapana budi nianze nyumbani, maana kisa hiki kilianzia nyumbani, na nyumbani ndiko kilikokwisha, kama kweli kimekwisha.

Nakaa Temeke, upande wa Mbagala, mahali ambapo nyumba zimesongamana hata kikohozi cha jirani hukisikia kana kwamba umekohoa wewe. Nchi hii ya pwani ni ya Wazaramo tangu kale, na ingawa mji umewaleta Wamakonde, Wangindo, Wamatumbi na watu wa kila kabila, desturi za wenyeji hazikuondoka. Msichana akivunja ungo huwekwa ndani, hufundwa na kungwi, na siku ya kutolewa kwake hupigwa ngoma. Zamani mwali aliweza kukaa ndani miezi mingi, hata kupita mwaka. Siku hizi shule imelifupisha jambo hilo, na aghalabu wazazi hungoja likizo. Katika ngoma hizo, ijulikanayo zaidi katika mji wetu ni mdundiko. Mdundiko hauketi mahali pamoja. Wapigaji hutungika ngoma zao mabegani, wakapiga huku wakienda, na umati huwafuata kwa nyuma, wake kwa waume, wakizunguka mtaa hata mtaa, vumbi likipanda na kanga zikipepea.

Watoto hufuata pia, na hapo ndipo penye hatari. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Mwaka 1987, nikiwa na umri wa miaka saba, niliufuata mdundiko kutoka kwetu Mwananyamala, katika Kinondoni, bila ya kumwaga mtu. Sikujua njia, nilijua ngoma tu. Ngoma ilipokoma ilikuwa Magomeni na jua limekuchwa, na watu wote waliokuwa ndugu zangu dakika moja iliyopita waligeuka kuwa wageni. Mama mmoja muuza maandazi alinikalisha karibu na jiko lake hata nilipotafutwa na kuonekana. Mama yangu alinikumbatia kwanza, akanichapa baadaye, na vyote viwili nilivistahili. Tangu siku hiyo moyo wangu juu ya ngoma ulikuwa na pande mbili: upande mmoja ulikumbuka furaha ya kwenda na watu, na upande wa pili ulikumbuka giza la Magomeni.

Nilipokua nikasoma, na usomi wangu ukanipa njia ya kuipenda ngoma bila ya kuiogopa. Niliweza kuieleza. Kila mwaka nasimama mbele ya darasa nikaitaja ngoma katika mafungu ya fasihi simulizi. Nasema kwamba ndani yake mna wimbo, vitendo, mavazi na mafunzo, na kwamba taifa lisilozitunza ngoma zake limejikata ulimi. Huwapeleka wanafunzi, na wageni wakija huwapeleka pia, Makumbusho ya Kijiji, pale Kijitonyama kando ya barabara ya Bagamoyo, mahali palipofunguliwa miaka ya 1960 ili nyumba za makabila yetu zihifadhiwe zisisahauliwe. Hapo hununua tikiti, hukaa katika kivuli, hutazama ngoma za jadi, hupiga makofi, kisha hurudi nyumbani kabla ya magharibi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, msomaji, mwezi wa Juni mwaka 2022, ilipopigwa ngoma mtaani kwetu usiku tatu mfululizo. Kijana wangu alikuwa kidato cha nne, akijiandaa na mtihani. Jirani yangu wa upande wa kushoto, mwenye duka la rejareja, alikuwa na mama yake mgonjwa asiyepata usingizi. Usiku wa pili mtu mmoja aliibiwa simu katika msongamano, na usiku wa tatu mtoto wa miaka mitano alipotea, akaonekana asubuhi, salama kwa rehema ya Mungu, Mtoni kwa Aziz Ali. Watu kumi na wawili walikuja barazani kwangu. Walisema, "Mwalimu, wewe ndiwe mwenye Kiswahili. Tuandikie barua kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, ngoma hizi zisipewe kibali tena."

Niliandika. Ilikuwa barua fupi, na naweza kusema bila ya majivuno kwamba ilikuwa barua nzuri, maana kila neno lilikuwa mahali pake. Ngoma niliita kelele. Waifuatao niliwaita wahuni. Unyago niliutaja kuwa mabaki ya mambo yaliyopitwa na wakati yasiyofaa katika mji wa watu waliostaarabika. Wote walitia saini, nami nilitia ya kwangu juu ya zote, nikaiongeza na cheo changu cha udaktari wa falsafa ili iwe na uzito.

Barua ilifanya kazi kuliko nilivyotaraji. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa bibi mmoja mzee ambaye ni kungwi anayeheshimiwa na mtaa mzima, mjukuu wake alikuwa amemaliza siku zake za ndani. Bibi aliomba kibali, akanyimwa. Siku ya kumtoa mwali ilipofika sikusikia ngoma. Niliona kwa dirisha wanawake wanne wakimtoa msichana mlangoni, amefunikwa kanga mpya, amepakwa mafuta akang'aa, wakampandisha bajaji ili apelekwe kwa shangazi yake Yombo. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele kimoja, akanyamaza, kama mtu aliyekumbuka kwamba nyumba ile ina mgonjwa. Bajaji ikaondoka. Nilirudi mezani kusahihisha mitihani yangu. Kesho yake nilimwamkia bibi, "Shikamoo," akaniitikia "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ile ile ya siku zote, nami nikajiambia kwamba jambo limekwisha.

Mwezi wa Februari mwaka 2023 nilialikwa Maskati kuzungumza juu ya ushairi wa Kiswahili. Si ajabu kualikwa huko kwa habari ya Kiswahili, maana wako Waomani wengi wakisemao kama mimi na wewe: watu waliozaliwa Unguja, Pemba na bara, ambao wao au wazazi wao walikwenda Omani baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na wengi zaidi baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipoanza kutawala na kuita watu wa nchi yake warudi. Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa namna hiyo. Alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, kitamu, kisicho na kosa. Kazi ilipokwisha aliniambia, "Kesho kuna harusi Sur. Twende ukaone lewa."

Tulishika barabara ya pwani, milima mikavu mkono wa kulia na bahari mkono wa kushoto, mwendo wa kilomita 200 hivi. Sur ni mji wa mabaharia. Hapo ndipo yalipoundwa majahazi makubwa yaliyoshuka kwetu kwa kaskazi na kupanda kwa kusi, na hata leo liko nchi kavu, limesimamishwa kuwa kumbukumbu, jahazi la Fath al-Khair lililoundwa mjini humo mwaka 1951. Nilisimama chini ya ubavu wake nikapapasa mbao. Majahazi kama hayo yalileta tende na papa mkavu, yakarudi na boriti za mikoko. Na kabla ya hayo yalirudi na watu. Mkataba aliotia saini Sultani Barghash wa Unguja mwaka 1873 ulilifunga soko la watumwa na kuharimisha kuwachukua baharini, lakini biashara ile haikufa siku ile. Wenye majahazi wa Sur walijipatia bendera za Kifaransa, ili manowari za Kiingereza zisiwapekue, hata shauri hilo likafikishwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague na kukatwa mwaka 1905. Watu waliochukuliwa walilimishwa mitende, walizamishwa kutafuta lulu, walifanywa mabaharia na watumishi wa nyumbani. Katika Omani utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1970. Yako mambo ambayo mwenyeji wangu hakuyasema, nami sikumwuliza. Tulisimama wawili chini ya jahazi lile, kila mmoja na ukoo wake, tukalisifu kwa uzuri wa maungo yake.

Ngoma ilianza baada ya sala ya isha, katika uwanja mpana karibu na bahari. Lewa, ndilo jina lake, na sikio la Mswahili haliwezi kulisikia jina hilo bila ya kukumbuka kulewa. Mpiga zumari alisimama katikati. Ngoma ziliwekwa karibu naye, na palikuwa na chombo cha bati kikipigwa kwa vijiti viwili. Wachezaji walikuwa wanaume, wazee na vijana, katika kanzu nyeupe, wengine na bakora. Walifanya duara, wakazunguka polepole, hatua ndogo ndogo, wakiinama kidogo upande huu na kidogo upande huu, kama chombo kinachochezwa na wimbi la nanga. Muda mrefu mwendo ulikuwa huo mmoja. Kisha, bila ya mtu kuamuru, ngoma zikaharakisha, zumari likapanda, na duara zima likashikwa na jambo lililo kubwa kuliko kila mmoja wao.

Waliimba. Niliinama mbele nikasikiliza kwa sikio la kazi yangu. Maneno mengi yalikuwa ya Kiarabu, lakini ndani yake yalipita maneno mengine, yakipotea na kurudi, ambayo nywele zangu ziliyatambua kabla ya akili. Yalikuwa maneno yetu. Yamechakaa, kama sarafu iliyopita mikono mingi hata sura ya mfalme imefutika na umebaki uduara tu. Lakini yalikuwa yetu. Nilimwuliza kijana aliyekaa kando yangu, kwa msaada wa mwenyeji wangu, maana ya maneno yale. Akajibu kwa adabu kwamba hayajui. Ni maneno ya lewa, na baba yake aliyaimba hivyo hivyo.

Hapo nikaona ajabu ya usiku ule. Mwenyeji wangu, aliyejua Kiswahili chote, hakucheza. Kwao lewa haikuwa ngoma ya nyumba yao. Na wale waliocheza hawakujua Kiswahili. Mmoja aliirithi lugha bila ya ngoma, na wengine waliirithi ngoma bila ya lugha, nami mwenye vyote viwili nyumbani nilikuwa nimeketi kitini.

Walipopumzika nilipelekwa kwa mpiga ngoma mkubwa, mzee aliyekuwa baharia katika ujana wake. Ngoma yake ilikuwa ndefu, imesimama mbele yake kufika kifuani. Nilimwuliza jina lake. Akaipiga kofi moja kama mtu ampigaye mwanawe begani, akasema, "Msondo."

Msondo! Ni nani mtu wa Dar es Salaam asiyelijua jina hilo? Kwetu ni ngoma ya wanawali, tena ni jina la bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikabadili majina mara kadha wa kadha, na mwisho ikajiita Msondo Ngoma. Na mpinzani wake, Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978, alijiita Sikinde, jina jingine la ngoma ya Wazaramo. Nilimweleza mzee kwamba jina hilo ni letu. Alifurahi, lakini hakushangaa. Alisema kwa tafsiri, "Najua. Ilitoka Sawahili. Wazee walituambia." Kisha akaniuliza, "Huko bado ipo?"

Nikasema, "Ipo."

"Na wewe waipiga?"

Nikasema, "Hapana. Mimi ni mwalimu."

Mwenyeji wangu alifasiri, mzee akacheka, akasema neno ambalo mwenyeji wangu alisita kidogo kabla ya kunifasiria. Alisema, "Mimi nilikuwa baharia. Je, ualimu unazuia mikono?"

Nami nilicheka, kwa kuwa mgeni huna budi kucheka. Lakini swali lake la kwanza ndilo lililonichoma. *Bado ipo?* Nilijibu "ipo" mbele ya watu, hali ya kuwa miezi miwili tu iliyopita mwali alitolewa mtaani kwangu kwa bajaji, bila ya ngoma, kwa barua ya mkono wangu. Mababu wa mzee huyu walinyang'anywa nchi, jina, ndugu na lugha. Ngoma haikunyang'anyika. Imevuka bahari ikiwa haina sanduku wala hati. Haikufika Omani peke yake, maana lewa inachezwa nchi nyingi za Ghuba, na hata Makran, pwani ya Baluchistan. Na Masidi wa Gujarat, Bara Hindi, walio uzao wa Waafrika, ngoma yao ya kumtukuza mtakatifu wao Bava Gor wanaiita goma hata leo. Mambo yaliyoweza kuushinda utumwa yalikuwa yameshindwa na barua moja ya kurasa mbili, iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu.

Nilitoa riali 5 mfukoni ili nimtunze mzee, kama ilivyo desturi yetu. Mwenyeji wangu alinishika mkono kwa upole, akaninong'oneza, "Wacha. Wewe mgeni, na shughuli hii ina mwenyewe." Nikazirudisha. Hapo ndipo methali iliponisuta. Mcheza kwao hutunzwa: na mimi, mara yangu ya kwanza kuingiza mkono mfukoni kwa ajili ya ngoma, pasipo na tikiti ya makumbusho, ilikuwa ugenini, kwa mtu asiyehitaji fedha yangu.

Katika ndege nilifikiri sana. Nilikumbuka hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 10 Desemba mwaka 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, alipoitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wasomi wa siku zile walijua dansi za Kizungu kuliko walivyojua ngoma za makabila yao. Kila mwaka naisoma hotuba ile darasani. Lakini niliona sasa kwamba maradhi yetu si yale yale. Wasomi wale waliionea ngoma haya. Mimi siionei haya. Naisifu, naiandikia, naitolea mihadhara. Ila naipenda ikiwa mbali. Naipenda ikiwa mbali kwa zamani, katika vitabu. Au mbali kwa mahali, ng'ambo ya bahari. Au mbali kwa tikiti na ukumbi, ipigwe saa moja kisha iondoke. Ngoma iliyo mbali haina mahitaji. Ngoma ya mlangoni inataka usingizi wako, inataka njia yako, inataka umtafute mtoto wako usiku. Na heshima isiyogharimu kitu si heshima bali ni utazamaji.

Wala sitaki msomaji adhani kwamba nilishuka katika ndege nimekuwa mtu mwingine, na kwamba barua yangu ilikuwa uwongo mtupu. Mama wa jirani yangu alikuwa mgonjwa kweli, na amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Simu iliibiwa kweli. Mtoto alipotea kweli, na mimi niliyepotea Magomeni siwezi kulifanya hilo kuwa jambo dogo. Kosa langu halikuwa kulalamika. Kosa langu lilikuwa maneno. Mambo matatu yaliyotaka kurekebishwa niliyageuza kuwa hukumu juu ya watu na mila yao, kwa sababu hukumu huandikika vizuri kuliko marekebisho.

Nilikwenda kwa bibi kabla sijakwenda kwa Mwenyekiti. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Niliamkia, nikakaa juu ya mkeka, nikamwambia kwamba barua ile niliiandika mimi.

Akasema, "Najua, mwanangu. Mwenyekiti alitusomea. Nilisema, hiki Kiswahili cha Mwalimu."

Nikasema kwamba nimekuja kuomba radhi, na kwamba nitaandika barua nyingine ya kuitangua ile, ili ngoma zirudi kwa taratibu.

Alichambua mchele kitambo, akatoa kijiwe, akakitupa. "Utakuwa umefanya vyema. Wako wengine nyuma, watoto wa watu. Watatolewa kwa heshima." Kisha akaongeza, bila ya kuinua uso, "Lakini wa kwangu siku yake imepita. Mwali hatolewi mara mbili."

Sikuwa na la kujibu, na hata leo sina.

Barua ya pili ilinichukua siku nne. Ya kwanza niliiandika kwa saa moja. Katika hii hapakuwa na kelele wala wahuni. Palikuwa na saa, njia na majina ya kazi. Ngoma za usiku zikome saa nne, isipokuwa usiku wa mwisho. Mdundiko upite mchana, na njia yake itajwe mapema kwa mjumbe. Vijana sita wa mtaa watembee pembeni, na mtoto yeyote asiye na mkubwa wake arudishwe kwao kabla ya kuvuka barabara kubwa. Pakiwa na msiba au mgonjwa mahututi, ngoma zinyamaze mbele ya nyumba hiyo. Bibi alilisikia sharti hili la mwisho akasema si jipya, ndivyo ilivyokuwa tangu kwao, ila hakuna aliyewauliza.

Si wote waliofurahi. Mwenye duka aliniambia mbele ya wateja kwamba nimewauza, kwamba niliwatia saini kisha nikawaacha uchi. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Tangu siku hiyo hunipa salamu kwa kichwa tu, na sukari yangu nainunua duka la mbali. Hiyo ndiyo ada niliyolipa, nami sioni kwamba ni kubwa ukiipima na ile aliyoilipa msichana wa watu.

Mwezi wa Juni mwaka 2023 mdundiko ulipita mtaani kwetu, saa tisa alasiri. Nilisikia kwanza kwa mbali, kama moyo, kisha ukakata kona ukaja. Riali zangu 5 nilikuwa nimezibadili zamani kwa shilingi, zikawa kama 30,000, nikazitenga katika bahasha. Nilitoka nje na kusimama ukingoni mwa njia. Mwali alipita amefunikwa, mkononi mwa somo yake, na wapigaji walikuja nyuma, jasho likiwatiririka. Nilinyosha mkono nikamtunza mpiga ngoma wa mbele. Naye, pasipo kujua habari za Sur wala za barua, alinigeukia akanipigia mapigo machache mimi peke yangu, kama ada ya ngoma ilivyo kwa mtu aliyetunza.

Mtoto mmoja wa kiume, umri wa miaka saba au minane, alikuwa akifuata mwisho kabisa, macho yamemtoka, hana mkubwa. Nilimshika mkono. Nikamwuliza kwao ni wapi, akanionyesha nyuma. Niliweza kumrudisha mara moja, na kwa masharti niliyoyaandika mwenyewe ndivyo ilivyonipasa. Lakini barabara kubwa ilikuwa bado, basi nikaenda naye, hatua kwa hatua, hata kona ya mwisho. Ndipo nikamrudisha kwao.

Methali zetu hazikukosea. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kutunza ni kazi ya walio kwao. Wasipotoka nje, mcheza kwao hana kwao.